Kadi ya Waliovuka

Pudentienne alikuwa wa arobaini na moja kwenye foleni ya chakula cha wakimbizi, na mbele yake, kama kila mwezi, alisimama jirani yake Nyiramahoro, mfuko tayari begani. Alimwonea wivu. Wote wawili waliishi katika nyumba moja ya udongo huko mtaa wa Kilibula, upande wa Congo, chumba na chumba. Wote wawili walikimbia bunduki: Nyiramahoro alitoka Rwanda, yeye alitoka Bwegera, siku mbili kwa miguu, mtoto mgongoni. Lakini Nyiramahoro aliondoka mezani pa karani na maharage, maziwa ya unga na blanketi la kijivu.

"Umevuka mpaka gani, mama?" aliuliza karani Cyprien bila kuinua kichwa.

"Minye natoka Bwegera. Vita ilitufukuza."

"Bwegera iko Congo. Muntu hawezi kuwa mukimbizi mu inchi yake."

"Basi unipatie ruhusa nirudi kwetu, nilime."

"Barabara imefungwa. Kuko vita."

"Kama kuko vita, minye si mukimbizi?"

Hapo Cyprien akamtazama. Akagonga kwa kalamu kipande, kitambulisho cha Congo, alichokishika Pudentienne. "Weye ni mwenyeji. Muntu iko na hiki, namuandika namna gani? Bila hiki, tungesemezana."

Mwenyeji! Uhuru ulikuwa na miaka mitano, na mwenyeji hana hata sufuria.

Jioni ile binti yake Gloriose, miguu imemvimba kwa njaa, alikaa karibu na mlango wa jirani akiwatazama watoto wa Nyiramahoro wakiramba maziwa ya unga viganjani. Nyiramahoro akamwita, akamtia kijiko kimoja kinywani.

"Sema asante," Pudentienne alimwambia mtoto. Alimchukia yule mwanamke kwa wema wake. Angenyimwa, ingemuuma kidogo kuliko kupewa. Akainama kwenye jiko la jirani kana kwamba anaomba moto, akakisukuma kipande chake katikati ya mafiga.

"Ni nini iko inaungua?" Nyiramahoro aliuliza.

"Karatasi tu."

Kesho yake, aliporudi bila kipande, Cyprien alimtambua vizuri sana, lakini akamwandikia kadi: *Ametoka Rwanda, amevuka Ruzizi.* Nusu ya maziwa ya Pudentienne ingebaki mezani kwa Cyprien kila mwezi. Ndiyo bei ya kuvuka mto bila kulowa.

Miezi miwili Gloriose alikunywa maziwa, miguu ikanywea. Pudentienne naye akatembea Kilibula shingo juu.

Kisha amri ikaja kutoka mji mkuu: wakimbizi wanawasaidia waasi, warudishwe walikotoka. Siku ya chakula, askari waliizunguka foleni, na Cyprien akasoma majina.

"Cyprien, weye unanijua. Minye ni muntu wa Bwegera."

"Kipande chako kiko wapi?"

Mkononi Pudentienne alikuwa na kadi tu.

"Minye najua tu yenye iko mu liste," alisema Cyprien, akasoma jina lililofuata.

Walipakiwa wote na watoto wao, Nyiramahoro pia, na lori likashika njia ya kaskazini, barabara ile ile iliyofungwa. Lilipita Runingu. Lilipofika Bwegera dereva alipunguza mwendo, maana mpunga ulikuwa umeanikwa hadi katikati ya njia. Pudentienne akaiona nyumba yake, imeezekwa nyasi mpya. Uani mwanamke asiyemjua alikuwa akigeuza mpunga kwa miguu.

"Ile ni nyumba yangu," alisema, akaanza kupiga ubavu wa lori. "Munishushe. Hapa ni kwetu."

"Ile ni ya komanda," alisema askari. "Kaa chini, Munyarwanda."

Nyiramahoro aliitazama nyumba, kisha shamba lililoteremka mpaka mtoni, kwa muda mrefu.

"Ulikuwa na yote hii," alisema taratibu, "na ulinionea minye wivu."

Mwanamke wa uani aliwaona watoto ndani ya lori, akaingiwa na huruma. Akajaza mpunga viganjani, akakimbia kando ya gurudumu, akammwagia Gloriose kwenye gauni.

"Mushike, wakimbizi. Njia iko ndefu."

Gloriose akakunja gauni lake, punje zisidondoke.

"Asante, mama," alisema, kama alivyofundishwa.