Dirisha la Estill

Wifi yangu Delphia alikuja kwenye maziko ya mume wangu Januari iliyopita, na koti lake bado limetundikwa nyuma ya mlango wangu. Simsemi. Ni dada wa marehemu, hana mtoto, na mkate wake wa mahindi unaushinda wangu. Lakini anaogopa baridi kuliko anavyoogopa dhambi, na hapo ndipo mambo yetu yalipoanzia.

Estill alipokuwa hai tuliota moto wa kuni. Alizipasua mwenyewe, akazipanga ubavuni mwa nyumba mpaka chini ya dirisha. Nilipokwisha kumzika nililitazama shoka, nikaitazama mikono yangu, nikampigia simu Ndugu Burl Fugate, fundi wa gesi na shemasi wa kanisa letu. Kabla baridi ya pili haijaingia, akaniletea meko ya gesi ya kuotea moto, ya kutundika ukutani, ile isiyo na bomba la kutoa moshi nje. Katika bonde letu hili la Kentaki, utahesabu nyumba zisizo nayo.

Burl hana haraka. Chumba cha kulala alinikatalia kabla sijamaliza kuuliza. Ukuta wenye pazia akaukataa pia. Akaugonga ukuta wa sebuleni kwa kifundo cha kidole mpaka akazipata mbao zilizo ndani, ndipo akakaza kishikio cha chuma. Rafu ya picha iliyokuwa juu yake akaing'oa.

"Ikibaki hapa, dada Orpha, picha ya harusi yako itaiva kama biskuti."

Akavuta bomba kutoka kwenye tangi la uani, akaweka koki ya kufungia pale mkono wangu unapofika, akapaka povu la sabuni kwenye kila kiungo. Tukainama wote wawili kutazama kama litatoa mapovu. Halikutoa. Akatundika king'ora cha hewa ya sumu karibu na milango ya vyumba vya kulala. Kisha akawasha, miali ikapanda kati ya magogo ya bandia, mizuri hata nikaona haya kidogo kwa ajili ya Estill na kuni zake.

"Sasa nisikilize," Burl akasema. "Huu moto unapumua hewa ileile unayopumua wewe. Estill aliiziba nyumba hii kama chupa. Ukiwasha, dirisha liwe wazi kidogo. Ndani kuna kidude, hewa nzuri ikipungua kinauzima moto chenyewe. Ukizimika, usishindane nacho. Fungua madirisha, ngoja, ndipo uwashe. Ukinusa gesi, usiwashe kitu, hata taa. Toka nje, unipigie kutoka kwa jirani. Na ukienda kulala, zima."

Nilimrudishia maneno yake yote kwa mdomo, kama tulivyokuwa tukisoma mistari ya Biblia darasani. Delphia hakusikia hata moja. Alikuwa mjini anatengenezwa nywele.

Basi ikawa hivi. Mimi nafungua dirisha, Delphia anafunga. Mimi nikienda kwa kuku, yeye anaviringisha taulo na kulisukumiza chini ya mlango. Moto unawaka, unawaka, kisha tak, unazimika.

"Wifi, umefunga dirisha tena."

"Umenunua moto niuotee nje?"

"Burl amesema unahitaji hewa."

"Burl anauza gesi. Akikuambia ufungue mlango wa jokofu utafungua?"

Jumapili moja alisimama mbele ya meko akizipulizia nywele zake ile dawa ya kuzisimamisha, mpaka zikawa ngumu kama kofia ya mchimba makaa. Mara chumba chote kikanuka vibaya.

"Unasikia harufu hiyo? Kiberiti! Hiyo ni jehanamu, Orpha. Umeileta jehanamu sebuleni!"

"Ni kichwa chako, wifi. Dawa yako inaungua. Nenda ukajipulizie chooni."

Kila moto ulipozimika, Delphia alimpigia simu binti yangu Twyla huko Lexington. Twyla ni mtoto mwema, lakini tangu baba yake afe ananitazama kama kikombe kilichoachwa ukingoni mwa meza. Nikamweleza habari ya kile kidude, kwamba kinafanya kazi yake.

"Najua, mama. Ndiyo maana naogopa. Leo kimezima, na kesho. Siku kikichakaa je? Wewe unafungua, shangazi anafunga. Nakuja Jumamosi ya kabla ya Sikukuu ya Shukrani. Moto ukizimika nikiwa hapo, Burl anaing'oa hiyo meko, na wewe unahamia kwangu. Chumba kipo."

Kile chumba nakijua. Dirisha lake linatazama ukuta wa jirani. Hapa, nikikaa mezani naliona kaburi la Estill juu kilimani, nawaona kuku, na napaona mahali nitakapozikwa mimi. Nikasema, "Sawa, mwanangu," kwa sababu kubishana na Twyla ni kubishana na mimi mwenyewe. Nikapiga magoti nikamwambia Mungu kwamba sitaki kwenda Lexington, na kama ana njia, mimi niko tayari.

Siku chache baadaye, tukiwa tunamenya viazi, moto ukazimika. Delphia akaweka kisu chini. Uso wake ulikuwa mweupe kuliko viazi.

"Orpha. Ni Estill."

"Estill amefanya nini?"

"Ndiye anayezima. Hakuwahi kuipenda gesi. Alisema ni moto wa wavivu."

"Estill yuko kwa Bwana, wifi."

"Amefikaje? Alikufa Januari! Madirisha yote yalikuwa yamepigiliwa nailoni ya kuzuia baridi. Nani alimfungulia?"

Hapo akanibana. Huku kwetu mtu akikata roho, wa karibu yake hufungua dirisha, ili roho ipate pa kutokea. Mama yangu alifanyiwa, na bibi yangu. Asubuhi ile ya Estill maji yalikuwa yameganda kwenye bomba la jikoni, na hakuna aliyelikumbuka dirisha. Mimi siamini kwamba Mungu anayemtaka mtu hushindwa na nailoni. Nilifungua kinywa nimwambie hivyo. Macho yangu yakaangukia dirisha lililofungwa, na taulo chini ya mlango, nikakifunga kinywa changu.

"Basi tufanyeje, wifi?" nikauliza.

"Tumfungulie! Leo hii!"

"Kwa kiasi gani? Usije ukaganda."

Delphia akafikiri. "Alikuwa mwembamba. Vidole viwili vitamtosha."

"Na taulo?"

"Toa! Akitaka kupita mlangoni apite."

Akafungua kwa mkono wake mwenyewe. Tukangoja, nikawasha. Moto ukawaka mpaka jioni bila kutikisika, miali imetulia, na Delphia amejifunika blanketi mbili, anatabasamu kama bibi harusi.

"Unaona?" akaniambia.

"Naona," nikasema, na huo haukuwa uongo.

Tangu hapo hakuna aliyeruhusiwa kuligusa dirisha nyumbani mwangu. Moto haukuzimika tena, simu za Lexington zikakoma, nami nikaanza kulala vizuri.

Jumamosi ya Twyla ikafika. Asubuhi nilikwenda kanisani kusaidia kupanga vyakula vya sikukuu, na Twyla akanipitia huko na gari lake. Tulipoingia nyumbani palikuwa na joto la kupendeza, chungu cha maharage mezani, mkate wa mahindi umekatwa, maziwa ya mgando kwenye jagi. Twyla akaitazama meko, ikawaka kwa adabu. Tukaomba, tukakaa, tukala. Nilikuwa nimelipa dirisha mgongo. Kosa langu ni hilo.

Twyla alikuwa anaomba kitunguu wakati moto ulipofanya tak.

Twyla akaweka kijiko chini polepole, akaitoa simu mfukoni.

"Pole, mama. Tulikubaliana. Nampigia Burl."

Nikageuka. Dirisha lilikuwa limefungwa mpaka chini, na komeo juu yake.

"Delphia," nikasema.

"Nilifunga mimi," Delphia akasema, machozi yanamlengalenga. "Nilitaka mtoto akute joto. Nilidhani ameshaondoka!"

"Nani ameshaondoka, shangazi?" Twyla akauliza.

"Baba yako."

Twyla akanitazama. Nikayatazama maharage yangu. Ningeweza kusema yote pale: kidude, hewa, maneno ya Burl. Lakini hayo Twyla alikuwa anayajua tayari, na Delphia hakuwa mtu wa kuyasikia. Nikamgeukia yeye.

"Wifi, ulimwona akiondoka?"

"Hapana, lakini dirisha limekaa wazi karibu wiki mbili..."

"Wiki mbili? Estill? Delphia, wewe ni dada yake. Tulipokuwa tunatoka kwa watu, mimi nilikuwa nakaa garini nimeshamaliza kufuma soksi, yeye bado ana mkono mmoja kwenye kitasa. 'Haya sisi tunaenda.' Halafu habari ya ng'ombe. 'Haya, sasa tunaenda kweli.' Halafu habari ya vita."

"Na anaegemea gari," Delphia akanong'ona.

"Na anaegemea gari. Mtu huyo atatoka duniani kwa wiki mbili?"

Delphia akashika kinywa. "Mungu wangu. Bado anaaga."

Akainuka mbio, kiti kikaanguka. Akafungua komeo, akapandisha dirisha juu lote, baridi ya kilimani ikaingia mpaka kwenye bakuli. "Nisamehe, kaka!" akapaza sauti uani. "Aga tu! Hatukukimbizi!"

Twyla alikwenda jikoni. Nilimkuta ameziba uso kwa taulo la vyombo, mabega yanaruka. Nilidhani analia.

"Mama," akasema alipoweza. "Wewe ni mtu wa kanisa!"

"Sijasema neno la uongo. Hatukuwahi kutoka kwa watu kabla ya giza."

"Na Mungu unamwambia nini?"

"Nimeshaongea naye. Yeye anamjua Estill."

Akafuta macho, akawa mtoto wangu makini tena. "Swali langu ni moja, mama, na ni lilelile. Mimi nikirudi Lexington, nani atahakikisha dirisha liko wazi?"

Nilimshika bega nikamgeuza kuelekea sebuleni. Delphia alikuwa amevuta kiti chake mpaka dirishani, koti mwilini, kofia ya sufu juu ya zile nywele, blanketi magotini. Mkono mmoja alikuwa ameupachika kwenye ule uwazi, anaupima kwa vidole viwili.

Twyla alimtazama. Kisha akairudisha simu mfukoni.

"Burl aje kuikagua kila mwaka," akasema.

"Atakuja."

"Na king'ora uwe unakijaribu kila mwezi."

"Ninakijaribu. Kuku wote wanakijua."

Hewa ilipokwisha kubadilika niliwasha tena, Twyla akaketi mbele ya meko mpaka saa ya kuondoka, na haikumwangusha. Alipotoka alisimama mlangoni akatuambia habari ya kazini kwake, akafika kwenye gari, akaliegemea. Delphia akanipiga kiwiko.

Juzi mchungaji alitutembelea. Yeye ni kijana wa Florida, hajazoea milima. Alikunywa kahawa huku amekumbatia kikombe, akanyoosha mkono kwa upole kulishusha dirisha. Delphia akampiga kofi la vidoleni kama mtoto anayedokoa.

"Acha, mchungaji! Hapo kuna mtu anaaga."

Mchungaji akanitazama mimi. Nikamkatia kipande kingine cha keki ya matofaa, kikubwa.