Ukuta Uliopungua

…na bado halikubali kufika kwenye kona, au tuseme kwa usahihi zaidi linakubali, kwani kabati la humu ndani ya kompyuta hukubali kila kitu, ndiyo kasoro yake, nalibofya linazungukwa na mstari mwembamba wa buluu, nashika ukingo wake wa kushoto kwa kipanya, navuta, linapanuka, mlango mmoja unagawanyika kuwa miwili bila msumari wala jasho, nasukuma, linasinyaa, milango miwili inarudi kuwa mmoja, halipigi hata kelele, na mimi niliyesomea sheria nilifundishwa kumshuku shahidi anayeitikia kila anachoulizwa, huyo atakuponza, alikuwa akisema mwalimu wetu wa somo la ushahidi, huyo ukimwambia jana jua halikuchomoza atasema naam mheshimiwa halikuchomoza, ndivyo lilivyo kabati hili, nikilivuta lipenye ukutani litapenya, nikiliweka mbele ya dirisha litasimama mbele ya dirisha na kuniangalia, programu hainikanyi, kazi ya kukanya ameachiwa mwenye kushika kipanya, yaani mimi, na ninachokifanya hivi sasa, tusifichane, ni kulinyoosha ili lifunike pengo, kwa sababu kuta mbili za jiko hili zinazotazamana hazilingani, wa kulia umetoka mrefu, wa kushoto umepungua kama shubiri mbili hivi, kwa hiyo chumba hakifungi, pale kwenye kona pamebaki ufa, na nyuma ya ufa kuna kile kijivu kitupu ambacho michoro yote huelea juu yake, ilhali jiko lenyewe halina ufa wowote, naliona kutoka hapa mezani, mlango uko wazi, ukuta umekutana na ukuta tangu siku baba alipoujenga, basi kosa ni la vipimo vyangu, na badala ya kulitafuta ninalivisha kabati… "Huyu nani?" anasema mama, ameketi kando yangu, sinia la mchele mapajani, vidole vinatafuta mawe vyenyewe bila kuongozwa na macho, macho yamekaza kwenye skrini, "huyu nani kaingia jikoni kwangu bila hodi?", na kwa ukucha anamgonga kichwani yule mtu wa kijivu ambaye programu humsimamisha kati ya makabati, "ni mtu wa mfano, mama, anawekwa ili vipimo visipotee," "mfano wa nani?", swali dogo lililonyooka kama sindano, mfano wa nani, "wa mtu yeyote tu, mama," "Yeyote ndiye nani? Mbona hana uso? Na urefu huo, baba, huyu akipika itabidi nipande ngazi kuonja mchuzi," anacheka peke yake, mabega yanapanda na kushuka, punje chache zinamwagika sakafuni, nami nacheka, ila nacheka nimechelewa, na mtu mwenye sikio angeujua ule uchelewaji kuwa ni kitu gani, kwa sababu mfano ule una mwenyewe, ni mpangaji, mpangaji ambaye bado hatumjui jina lakini kimo tumeshampa, kaunta nimeipandisha kwa ajili ya kiuno chake, makabati ya juu nimeyatundika kwa ajili ya mkono wake, hata swichi ya taa nimeisogeza, na mtu huyo naye hunyooshwa kama kabati, unamshika utosini ukamvuta juu au ukamshusha, unaweza kuandika kimo chochote kwenye kile kisanduku cha pembeni naye akatii, ningeweza kumshusha sasa hivi afike kimo cha mama, jambo la sekunde, isipokuwa kimo cha mama sikijui, hili ndilo ninaloligundua nikiwa nimekwisha kusogeza mshale hadi kwenye kisanduku, najua unene wa mbao, najua kina cha droo ya vijiko, najua jiko na sinki vinapaswa kuachana kiasi gani ili mtu asijiunguze, na mwanamke aliyenibeba mgongoni sijui anafika wapi akisimama, naurudisha mshale polepole kama mtu aliyeingia chumba kisicho chake… lakini tuupime ushahidi kwa haki, sitaki kujihukumu kwa hisia, hoja za ndugu zangu si za uongo, mama anaishi peke yake, macho yamepungua nuru, mwezi uliopita aliteleza humo jikoni akaangukia kiwiko, hakusema mpaka jirani aliposema, na alipoulizwa akasema nyie nanyi, kwani nyie hamjawahi kuanguka, haya, ni kweli alianguka, lakini alianguka mara moja, na sakafu ilikuwa na maji ya bomba linalovuja, bomba ambalo sote watatu tuliahidi kulishughulikia, kwa hiyo anguko lile linathibitisha nini hasa, uzee wa mama au uzembe wa watoto wake, hakimu makini angeuliza, hatukuuliza, tulilibeba lile anguko mpaka kwenye kundi letu la simu, kundi la familia ambalo mama hayumo, likawa hoja ya kwanza, dada mkubwa akaandika mama atahamia kwangu, chumba cha nyuma kipo, mdogo wetu wa mwisho akaandika na nyumba isilale bure, ipangishwe, jiko tu ndilo bovu, litengenezwe, kisha yakafuata majadiliano ya nani atamwambia, mdogo wetu akaandika mkimwambia atagoma, mnamjua, dada akaandika basi mwanasheria atupe neno, na mwanasheria akalitoa, kwa haraka, kwa kujivunia hata, mwambieni anakwenda kwa dada kwa muda, kwa muda wa matengenezo na baada ya hapo tutaona, kwa sababu hilo si uongo, niliandika, kila kitu ni kwa muda, na dada akajibu kwa picha ya mikono inayopiga makofi, nami nikafurahia makofi yale kama mwanafunzi, mtu mzima mwenye ndevu, kama mteja wangu angeniletea mkataba usio na tarehe ya mwisho ningeurudisha mezani hapo hapo, ningemwambia usitie sahihi, hapa umefungwa na yeye hakufungwa, ila mama si mteja wangu, mama hakuwa na wakili, wakili wake alikuwa upande wa pili akitafuta neno lisiloshikika… simu inatetemeka mezani, ni fundi seremala, naiweka sikioni kwa bega, "Bosi, vipi huo mchoro? Mashine ya kupasulia mbao nimeipata leo, kesho ina watu wengine, wewe nirushie tu nianze," "naumalizia," "jana ulisema unaumalizia, hilo jiko au ikulu?", "kona moja inanisumbua," "zibia na kabati, bosi, kona ndiyo kazi ya makabati," anacheka, nakata simu, zibia na kabati, hata yeye, ambaye hajui lolote, amenipa ushauri niliokwisha kuufuata, na nikishautuma hautarudi, atapasua mbao kwa vipimo hivi, mbao hainyooshwi, ikishakatwa imekatwa, na siku makabati yatakapoingia kwa mlango ule mama atatokea kwa mlango huu akiwa na mfuko wa nguo za wiki mbili, kwa sababu ndivyo anavyoamini, wiki mbili, hakuna aliyemwambia wiki mbili, amejikadiria mwenyewe na hatukumsahihisha, "Nilikuwa namwambia jirani," mama anasema, anapepeta mchele kidogo, pumba zinaruka, "namwambia wewe subiri, mafundi wakitoka tu, chai ya kwanza unakunywa kwangu, si kwako tena kwenye moshi," nasema ee mama, "naye ana wivu, yule, anajifanya hana, akaniuliza na droo zinafunguka zenyewe? nikamwambia hayo muulize wakili wangu," ee mama, ulimi uliobishana na watu mahakamani umebaki na ee, na uso wangu naujua umepata joto, nauinamisha kwenye skrini kana kwamba kabati linanidai umakini, nalivuta tena, pengo linafunikwa, kwa mbele panaonekana safi, lakini nikilizungusha jiko zima nilitazame kutoka nyuma, ule utupu upo pale pale, kabati limeupa mgongo tu, njia ya mwongo fupi, na ukuta wake nao mfupi, basi angalau nilitafute kosa, angalau hilo nilifanye kwa heshima, na kipimo cha ukuta wa kushoto nakumbuka nilikichukua Jumamosi, mama ndiye aliyenishikia ncha ya futi, mimi nikaurefusha utepe hadi mlangoni, nikasoma namba kwa sauti, nikaiandika kwenye simu, nikasema asante mama achia, utepe ukarudi kwa kishindo, akashtuka, akacheka, "mama," nasema, "ile Jumamosi uliponishikia futi, ulishika wapi?", "si uliniambia nishike pale makabati yanapoanzia?", "ndiyo, nilisema hivyo," "basi nikashika pale makabati yanapoanzia," "yaani kwenye kona," "kona gani, baba?", ananigeukia sasa, kwa mara ya kwanza vidole vimeacha mchele, "kwenye kona si kuna kigoda changu? Ulitaka kabati likae juu ya kigoda? Nilishika kinapoishia kigoda, hapo kwingine wekeni mnavyotaka, mimi nakaa pale, nikichambua mboga nakaa pale, baba yenu akisoma gazeti mimi nilikuwa pale, wewe mwenyewe umejifunza kusimama kwa kukishika kile kigoda, leo unaniuliza kona," na anarudi kwenye sinia lake akitikisa kichwa, amekwisha kunisamehe bila hata kujua amenisamehe nini, nami nimebaki na kidole juu ya kipanya… kumbe namba haikuwa na kosa, nilisema achia bila kugeuka, nilikuwa nimempa mgongo, sikutazama mkono wake ulipokuwa, ningegeuka ningeona, mtu anageuka kwa sekunde moja tu, na kwa kuwa sikugeuka nimekaa hapa mchana kutwa nikiita kosa kile ambacho mama alikipima kwa makusudi, alijipimia, katika nyumba nzima aliomba upana wa kigoda, akauweka kwenye ushahidi kwa mkono wake, nao ukafika mpaka humu ndani ya kompyuta ukiwa salama, ukaharibu chumba kizima, ukakataa kufungwa, na nilichokuwa nakiziba kwa kabati la milango miwili ni mahali pa mama… naliachia? sijaliachia, nikilegeza kidole sasa kabati litabaki pale lilipo, juu ya kigoda, na programu italihesabu kuwa ni uamuzi wangu, nalishikilia hewani, nusu limefunika, nusu halijafunika, na aibu niliyokuwa nayo tangu asubuhi nilidhani ni aibu ya uongo, lakini uongo niliutengeneza kwa ustadi na mtu huweza kuuonea ustadi wake aibu ya aina fulani yenye majivuno ndani yake, hii ya sasa haina majivuno hata chembe, hii ni ya mtu aliyebishania nyumba ya mwenzake mwezi mzima, kwa hoja, kwa hoja kinzani, kwa maneno kama maslahi na usalama, na hakumwuliza mwenye nyumba hata swali moja, tulijadili macho yake, kiwiko chake, ugomvi wake atakapojua, tulikadiria machozi yake, mdogo wetu alisema atalia siku tatu kisha atazoea, tukakubali siku tatu kama watu waliopokea ripoti ya mtaalamu, na pengine, hili nalo lazima nilipime, pengine angekubali, pengine amechoka na upweke wa nyumba hii na anangoja aulizwe kwa heshima, pengine angesema niacheni nife kwangu, sijui, hiyo ndiyo hali halisi ya ushahidi, sijui chochote, na kutojua kwangu hakukunipata kwa bahati mbaya, nilikutunza, "Haya," mama anasema, analisukuma sinia mbele kidogo, anasogeza kichwa karibu na bega langu mpaka nasikia harufu ya mchele mkavu kwenye mikono yake, "mimi hicho kioo kinanichanganya, naona marangi tu, wewe ndiye unayeona, hebu niambie, hapo ulivyopanga, pananitosha?", na anangoja, hana shaka hata kidogo, mtu asiye na shaka ni kitu cha kutisha kukitazama, jibu lolote nitakalompa atalibeba kwa jirani na kulirudia neno kwa neno, mwanangu amesema, nami ninayo majibu, ee mama ni jibu, patatosha ni jibu, mtu wa kazi yangu hakosi jibu, lakini kuna kitu kingine kinapanda kooni, si jibu, ni lile swali la mwezi mzima, mama, wewe unataka kuhama nyumba hii?, maneno sita, mtoto angeweza kuyasema, na ninayaogopa kuliko nilivyowahi kumwogopa hakimu yeyote, kwa sababu nikiuliza nitajibiwa, na nikishajibiwa sitaweza tena kuwaambia ndugu zangu, wala kumwambia yeye, wala kujiambia mimi, kwamba nilidhani, mama bado anangoja, kidole hakijanyanyuka, kabati bado limezungukwa na mstari wa buluu, na mimi nageuka, nageuka kweli, na kiti kinalia chini yangu, nimtazame kwanza.