Ulezi wa Sikio la Kushoto

Jumatatu moja ya mwezi wa pili, mwaka 1994, saa kumi jioni, Kornel alikuwa kibarazani kwake pale Izia, mjini Sumbawanga, miguu ndani ya beseni la maji ya moto, daftari mapajani, akikariri majina ya vyombo vya jikoni kwa Kifaransa. Alipofika kwenye kijiko, punje ya ulezi ilimdondoka kutoka sikio la kushoto, ikaingia ndani ya beseni. Alipofika kwenye uma, ikadondoka nyingine. Mkewe Rhoda, aliyekuwa akikunja mitumba ya kupeleka sokoni kesho yake, alizitazama akasema huo ni ulezi mwekundu, wa uji, asije akaumwaga pamoja na maji.

Kornel alikuwa na miaka arobaini na saba. Kwa miaka ishirini na miwili alipima mahindi kwenye ghala la umma, mpaka ruksa ilipoingia, watu binafsi wakaanza kununua mahindi huko huko shambani, na ghala likabaki la popo. Alipopunguzwa kazi alipewa cheti cha utumishi mwema na mabati ishirini. Mabati aliezekea, cheti akakitundika sebuleni. Mtu mwingine angeuza chumvi. Kornel, ambaye siku zote alijiona ni mtu wa ofisi aliyepotea njia akaingia ghalani, alisikia kuna kampuni inafungua kituo Kipili kufanya biashara na Wazairwa wa ng'ambo ya ziwa. Akakaa akawaza: Wazairwa wanasema Kifaransa, Sumbawanga nzima hakuna anayekijua, basi kazi ya ukalimani ni yangu. Mawazo hayo hakumwonyesha mtu, na hapo ndipo alipokosea.

Mwalimu alikuwa mzee Polikarp, aliyewapikia mapadre wa misheni miaka thelathini na kuondoka na kitabu kisicho na jalada. Alifundisha Jumanne na Alhamisi, kwa mkungu wa ndizi kila mwezi, na alisisitiza kwamba lugha bila desturi ni kelele. Wazungu wale, alisema, hawali vyote kwa pamoja. Kwa hiyo Kornel akaagiza nyumbani kwake mboga ziletwe kwanza, ziliwe, ziondolewe, ndipo ugali uje. Rhoda alifanya hivyo siku tatu. Siku ya nne alileta mboga, akaziondoa, akaenda zake sokoni. Kornel pia alimwomba Mboje, Msukuma aliyekuwa akipanda mlima na maziwa yake ya kuuza kutoka Mtowisa, amtafutie maziwa yaliyoganda yakawa magumu na kunuka. Mboje alimtazama kwa huruma akamwambia hayo kwao wanawapa mbwa.

Ulezi uliendelea kutoka, punje kwa neno. Tabibu wa zahanati alimmulika sikio kwa tochi, akakuta safi kabisa, akamwandikia pamba. Kornel hakuitumia. Alikuwa ameshaona kwamba punje zile ni kipimo cha maendeleo yake, na yeye ni mpimaji. Aliziweka kwenye kopo la Kimbo, na wageni walipofika aliwatikisia.

Ilichukua wiki sita kujulikana ni kitu gani kinachotoka. Siku hiyo alisimama na mtu wa kijijini kwao wakiongelea kilimo kwa Kifipa, akataka kuyataja yale matuta ya mviringo ya Kifipa, yanayofukiwa majani ili yaoze, asilipate jina lake. Alitafuta jina la nyasi zake, halikuwepo. La jembe, halikuwepo. Hakusikitika sana. Kifipa alishakiweka tangu zamani kwenye fungu moja na chawa, vitu vya kijijini, naye alimkataza mwanawe Felisian kukisema ndani ya nyumba mpaka kijana akakua, akaenda zake Mbeya, bila kujua hata salamu ya kumpa bibi yake. Rhoda mwenyewe alikuwa Mnyiha wa Mbozi, Kifipa chake kiliishia kwenye asante.

Mwezi wa tano mama yake, Redempta, alifika na barua ya ofisi ya kijiji. Barua ilisema kwamba Bwana Leonsi, mfanyabiashara wa mjini mwenye trekta, ameomba bonde lote la chini alime ngano, na karatasi anayo. Anayedai shamba ndani ya bonde aje barazani Jumanne ya tarehe kumi na saba atamke mipaka yake.

Kijijini kwao shamba la ukoo halikuwa na karatasi. Lilikuwa na majina: jiwe kwa jiwe, mti kwa mti, kijito kwa kijito, yanatamkwa kwa Kifipa, mwanzo hadi mwisho bila kusita, na anayetamka ni mwanamume wa ukoo. Mwanamke halimi kwa mdomo, ndivyo walivyozoea kusema pale. Redempta alikuwa amelilima shamba hilo kwa mikono miaka hamsini na miwili. Marehemu mumewe alikuwa akiyasahau yale majina kila mara, na kila kulipokuwa na baraza ni yeye aliyemkaririsha usiku wa kuamkia. Sasa alikuja kumkaririsha Kornel, maana wanaume wengine wa ukoo walikuwa wamekufa au wako Dar es Salaam.

Alikaa kwenye mkeka akaanza kutaja. Kornel aliona midomo ya mama yake inacheza, akasikia upepo wa kawaida tu, kama ule wa kwenye mabati. Akaitikia kwa kichwa. Mama yake alimaliza, akamtaka arudie. Kornel akaitikia tena kwa kichwa.

Asubuhi hiyo unga wa mahindi ulikuwa umekwisha. Rhoda alisaga nusu ya ulezi wa kopo la Kimbo akapika uji, wakanywa yeye na mkwewe. Kabla hajaosha bakuli akasikia Redempta anasema, kwa Kifipa, kwamba huyu mwanangu hata utotoni alikuwa anaitikia bila kusikia.

"Na ukubwani, mama," Rhoda akamjibu, kwa Kifipa kilekile.

Redempta alisema uji ulikuwa mzuri, ila ungefaa chumvi kidogo. Wakaendelea kuongea mpaka mchana.

Walimpa na Kornel. Alikunywa bakuli tatu, na kabla hajanawa mikono ulezi wote ulikuwa umeshatoka, safari hii kwa sikio la kulia. Rhoda alimkaririsha majina ya mipaka kama kasuku. Kila alilolishika lilikuwa mkekani baada ya dakika tano. Polikarp aliitwa, akagonga kile kichwa kwa kidole, akasema kimejaa, na kwamba Kifaransa kikishaingia hakitoki, yeye mwenyewe alijaribu.

"Basi sikuzuii safari ya Kipili," alisema Rhoda. "Nenda kwenye kazi yako urudi kabla ya Jumanne. Angalau tujue hayo maneno yametuletea nini."

Kornel alikwea lori la chumvi. Kipili, kwenye kibanda cha kampuni, alimkuta Mzairwa mnene anaitwa Enock, akamsalimia kwa Kifaransa, akamweleza hali ya hewa na kumuuliza habari za shangazi yake. Enock alimwacha amalize.

"Baba, siye kule Moba tunasemaka Kiswahili," alisema. "Kifaransa ni cha ofisi. Hapa tunatafuta mtu wa kupima samaki, hii migebuka. Unajua kupima?"

Kornel alijinyoosha akajibu kwamba yeye ni mkalimani. Alipofika nusu ya njia ya kurudi, juu ya magunia, ndipo aliposikia vizuri alichoulizwa. Nafasi aliipata Gaudensi, aliyekuwa mpagazi wake ghalani. Kornel alijicheka peke yake mpaka dereva akagonga kioo.

Jumanne baraza lilikaa nje ya ofisi ya kijiji, jua likiwaka bila joto. Wanaume walikaa kwenye benchi, wanawake chini upande wa ukuta. Mwenyekiti, mzee Teodori, alimwita mwanamume wa ukoo. Kornel alisimama. Alijua kwamba angeweza kusema kwa Kiswahili, maneno sita hivi: mama yangu anayajua, mwacheni aseme yeye. Yalikuwepo yote, hayakudondoka hata moja. Lakini benchi zima lilikuwa linamtazama, alikuwa amevaa koti lake la ofisini, na aliona aibu. Akafungua mdomo.

"*Le train part à huit heures*," alisema, yaani treni inaondoka saa mbili. Akaendelea: stesheni iko wapi, jibini liko mezani, mwavuli ni wa shangazi. Alisema bila kusita, mwanzo hadi mwisho, dakika kumi. Karani aliandika: *Ameeleza kwa kirefu.*

Teodori akauliza kama kuna mwanamume mwingine. Rhoda akasimama badala yake, na Redempta akashika bega lake akasimama pia, wakatamka mipaka kwa pamoja: jiwe kwa jiwe, mti kwa mti, kijito kwa kijito. Wazee walifuatisha kwa vidole magotini. Mmoja, Flavian, aliyelima jirani na marehemu, alilia, maana hakuna hata jiwe moja lililorukwa. Walipomaliza, Teodori aliwashukuru akina mama kwa kuchangamsha baraza. Akasema kwa bahati mbaya hakuna kilichosemwa. Karani hakuwa ameandika kitu. Kwa kuwa upande mmoja una karatasi na upande wa pili una maelezo marefu yasiyotaja mpaka, bonde lilikwenda kwa Bwana Leonsi.

Redempta hakurudi kijijini. Alihamia Izia, na jioni yeye na Rhoda walikaa uani wakichambua maharage na kuongea Kifipa, wakicheka. Kornel alisikia upepo tu, ila alijua wanamcheka yeye, na aliona wana haki. Ulezi uliobaki kwenye kopo la Kimbo Rhoda aliupanda nyuma ya choo, ukaota vizuri.

Mwezi wa nane ilikuja barua nyingine. Baraza lilikuwa na nafasi ya mjumbe, na mzee Teodori alimkumbuka Kornel kwa ufasaha wake. Rhoda alimpigia pasi lile koti. Kesi ya kwanza ilikuwa ya mjane anaitwa Hellena, aliyesimama upande wa ukuta akanyoosha mkono. Teodori akauliza kama ana mwanamume wa kumsemea. Hakuwa naye.

Benchi lote likamgeukia mjumbe mpya, labda ana neno. Neno alikuwa nalo, kwa Kiswahili, lilelile la Jumanne ile: mwacheni aseme yeye. Kornel alikohoa, akatazama viatu vyake, akawaambia kwa Kifaransa kwamba treni inaondoka saa mbili. Karani akaandika.