Mapigo Sita Ubaoni

Katika mashindano yale ya gofu ya wachezaji wa kulipwa, kikombe hakikabidhiwi mpaka jina la mshindi na idadi ya mapigo yake viandikwe kwenye ubao wa mabingwa na rangi ikauke. Ndivyo ilivyokuwa tangu mwaka wa kwanza. Mwandishi wa ubao, ambaye wote walimwita Bi Brashi, alikuwa kwenye kazi hiyo mwaka wa thelathini sasa, na hata mvua ikinyesha, wakubwa kwa wadogo walimsubiri.

Lakini Bi Brashi alikuwa na siri. Miaka ishirini na mitano nyuma karatasi ya matokeo ilichelewa, naye kwa kiherehere chake akajumlisha mwenyewe raundi nne za bingwa, kichwani, akiwa juu ya ngazi. Akaandika 271. Nyumbani alipofungua daftari lake akakuta sabini, sitini na nane, sitini na tisa, sabini: 277. Kesho yake magazeti yalikuwa yameshanakili ubao, na mwaka uliofuata kijitabu cha historia kikanakili magazeti. Bi Brashi akaufyata. Ulihitajika mstari mmoja mfupi tu ile moja iwe saba, lakini mstari huo ulimshinda kuliko kupaka rangi nyumba nzima.

Leo, mashindano yakitimiza miaka hamsini, kijana mmoja alimaliza wa kwanza kwa mapigo 274. Mtangazaji akasikitika kwamba ameikosa rekodi kwa mapigo matatu tu ya ziada. Kijana alitabasamu kama aliyemeza dawa chungu. Juu ya ngazi, moyo wa Bi Brashi ulidunda. Ukiondoa ile 271 ya uongo, hakuna aliyewahi kushuka chini ya 277. Rekodi ilikuwa ya kijana, na aliyemwibia ni yeye.

Akajikaza kisabuni, akashuka, akamwendea katibu wa klabu. Katibu alikuwa ameketi na mgeni wa heshima, bingwa mzee, yule yule wa 271.

"Katibu, ubao unasema uongo," alisema, akimkabidhi lile daftari la zamani, alilotembea nalo kila mwaka. "Na uongo wenyewe nimeuandika mimi."

Katibu akajumlisha, akajumlisha tena. "Miaka yote hii, mama, na hukusema?"

"Niliogopa mtaninyang'anya brashi."

Akamgeukia bingwa mzee amwombe radhi. Mzee alikuwa amefumba macho. Bi Brashi akajua leo yamemkuta.

"Afadhali," mzee alisema, akashusha pumzi ndefu. "Kadi ya mapigo yangu niliitia sahihi mwenyewe, dada. Nilijua. Siku ile nilinyamaza nisiharibu sherehe, halafu aibu ikanifunga mdomo. Kila nikialikwa nasifiwa kwa 271, nami nacheka tu. Hata wajukuu nimewadanganya."

"Kumbe tulikuwa wawili?"

"Wawili, na kila mtu na lake."

Wakacheka mpaka katibu naye akashindwa kukunja uso. Bi Brashi alijisikia mwepesi. Katibu alipotangaza, kijana alishika kichwa kwa mikono miwili.

Mzee ndiye aliyemshikia Bi Brashi ngazi. Ule mstari mfupi haukuchukua hata nusu dakika. Chini kabisa ya orodha akaandika jina la kijana na 274, kisha watu wote wakasubiri rangi ikauke. Bingwa mzee hakuweza kusubiri. Alipanda vidato viwili vya ngazi, akaanza kuipuliza saba yake.