Kopa Nne Mezani

Mwaka 1969 kampuni ilihitaji fundi wa umeme wa kuhamia Koni, kwenye mitambo ya mto Lufira. Pale Likasi waliofaa walikuwa wawili, Barthélemy na Germain. Mkubwa wao aliwaambia wapatane wenyewe nani aende.

Hakuna aliyetaka. Germain alikuwa na mke, Georgette, na watoto waliosoma kwa masista. Barthélemy hakuwa na mtu tena. Mke wake, Angèle, alizikwa mwanzoni mwa mvua. Tangu hapo alikula, akalala, akaenda kazini, na majirani wakasema amejikaza. Hakujikaza, hakusikia kitu tu. Kaburini hakuwa amerudi hata mara moja, lakini alijua kwamba akihamia Koni hatarudi kamwe.

"Yaya, tucheze poka," Germain alimwambia, akimwita kaka kama kawaida yake. "Mwenye kupoteza anaenda."

"Sawa."

Walicheza Jumapili baada ya misa, katika baa ya Séraphin, naye Séraphin akagawa karata. Dau lilikuwa njiti za kiberiti, kila mmoja kiberiti kizima. Karata ya kwanza inafichwa, nne zinazofuata zinafunuliwa mezani moja moja, na kila inapofunuliwa moja, mtu anaweka njiti au anatupa karata zake na kuacha.

Njiti zilienda na kurudi mpaka jua likaingia mlangoni. Ndipo Germain akafunuliwa mfalme, na Barthélemy saba ya kopa. Karata aliyoificha Barthélemy ilikuwa mbili ya pao, karata ya bure: kopa tano zingeshinda wafalme, nne si kitu.

Germain aliweka njiti chache. Barthélemy akafuata.

Ikaja kopa ya pili. Barthélemy akaongeza kidogo, kama mtu aliyeficha kopa nyingine. Alijua kwamba uongo wa karata hauanzii mwisho. Anayenyamaza mpaka karata ya tano, halafu akasukuma kila kitu, haaminiki. Kila dau lazima lizaliwe na lile lililotangulia.

Ilipokuja kopa ya tatu, Germain aliweka njiti nyingi. Mwenye kopa nne, moja ikiwa imefichwa, angefanya nini? Angelipa, halafu angengoja. Barthélemy akalipa, akangoja.

Séraphin akafunua ya mwisho. Kopa tena.

Germain aligonga meza kuonyesha kwamba haongezi. Barthélemy akasukuma njiti zake zote katikati.

Germain alimtazama usoni kwa muda mrefu. Alitafuta jasho, au ulimi unaolamba midomo. Hakuona kitu.

"Weye uko nayo," alisema. "Tangu mwanzo ulikuwa nayo." Akatupa karata zake. Zilikuwa na wafalme wawili.

Njiti chache zilizombakia zilimwishia upesi. Alipoomba kuiona ile karata ya siri, Barthélemy alimwonyesha. Germain aliishika akaigeuza, kama vile upande wa nyuma ungeweza kusema jambo jingine.

"Haukuogopa, yaya?"

"Minye nilikuwa nangoya woga. Haikukuya."

Germain alimaliza bia yake akaenda kumwambia Georgette.

Siku ya kuhama, Barthélemy aliwasaidia kupakia kitanda na masufuria kwenye lori. Watoto walikuwa wamevaa sare zao za shule, kwa kuwa Georgette hakutaka zikunjwe. Alimpa Barthélemy mkono, akamshukuru kwa kubeba. Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo ndilo alilolifikiria Barthélemy lori lilipoondoka: kwamba hasira angeipokea kwa urahisi kuliko shukrani.

Mchana ule akaenda makaburini. Majani yalikuwa yamefunika msalaba wa Angèle mpaka jina. Akayang'oa. Alisimama akisubiri kilio, na kilio hakikuja. Mikono ilikuwa inamuwasha kwa yale majani. Akaifuta kwenye suruali, akachuchumaa, akaanza kung'oa na majani ya kaburi la pembeni.