Madoa ya Jua na Rika la Kananachi

Ulimi wa Kizito ulikuwa na desturi ya kutangulia njiani na kumwacha mwenyewe akiufukuzia nyuma. Agosti ile ya 2024 ulitangulia mbali.

Alikuwa fundi wa sola mjini Kitale, kijana wa kifua mbele. Mlangoni pa duka lake alikuwa amefunga darubini kuukuu kwenye kiti, ili jua lipite kwenye lenzi litue juu ya karatasi, asilazimike kulikazia macho. Pale karatasini jua lilionekana na madoa meusi, kundi hapa, kundi pale, kama punje za wimbi zilizomwagika sahanini.

Barabarani njuga zililia. Vijana wa Kibukusu walikuwa wakizunguka kuwaalika jamaa kwa tohara, na mwaka huo ndio rika jipya la Kananachi lilifunguliwa. Wabukusu wana majina manane ya marika. Kila jina hukaa karibu miaka kumi na miwili, mara chache zaidi, kisha humpisha mwenzake, hata karne ikapita na jina likarudi kwa vitukuu. Kizito alikuwa amesoma kwamba madoa ya jua nayo hujaa na kupungua kwa miaka kama kumi na mmoja. Akarudi nyuma rika kwa rika. 2024, madoa tele. 2012, mengi. 2000, tele tena. 1988, yakipanda mbio. Damu ikamchemka: wazee walikuwa wamelisoma jua!

Hakungoja ipoe. Aliomba nafasi katika redio moja ya Bungoma, akapewa Jumapili. Kisha akampigia khocha wake Wabwile, ndugu ya mama yake, mkulima wa tumbaku huko Malakisi.

"Khocha, nitawaambia watu kwamba rika zetu zilihesabiwa na jua."

"Wee! Hiyo sitasikiliza peke yangu," Wabwile alisema. "Naita watu."

Akawaita kweli, ukoo na majirani.

Jumamosi alifika Suad, rafiki yake aliyezaliwa nyuma ya msikiti wa Bungoma na aliyekuwa akisomea fizikia Chuo Kikuu cha Kibabii.

"Niaje, nabii?"

"Poa. Kesho fungua redio usikie historia ikinyooshwa."

Suad aliinama juu ya karatasi, akasikiliza hesabu yote bila kumkatiza. "Umerudi mpaka 1988. Na Kananachi iliyopita, ile ya 1924?"

"Hiyo itakubali tu."

"Ati itakubali? Kizito bana, unalitungia jua shairi halafu unataka liitikie!"

Wakatazama kwenye simu ya Suad. Mwaka 1924 jua lilikuwa ndiyo kwanza linatoka chini kabisa ya hesabu ya madoa, uso wake karibu safi. 1912, mwaka wa rika lililotangulia, lilikuwa safi zaidi.

"Labda waliohesabu walikosea," Kizito alisema.

"Walikuwa na darubini. Wewe uko na hasira."

Kizito akakaa juu ya betri. "Haya, mwanachuo. Hayo madoa yanaletwa na nini?"

"Jua si jiwe. Kiunoni linazunguka haraka, huku juu na chini pole pole. Sasa ndani mna nguvu ya sumaku, kama nyuzi. Nyuzi zinavutwa, zinasokotwa, zinakazwa, mwisho zinatokeza nje. Pale zinatokeza, joto la chini linazuiwa, mahali panapoa kidogo, ndiyo unaona doa. Baadaye ncha za sumaku zinabadilishana, kazi inaanza upya."

"Na kwa nini kumi na mmoja?"

"Hapo ndipo wanabishana. Kuna mzunguko umechukua tisa, mwingine karibu kumi na minne. Wengine walisema labda ni sayari zinavuta. Mshtarii, ile sayari kubwa kuliko zote, unalizunguka jua kwa karibu miaka kumi na miwili."

Kizito akaruka. "Kumi na miwili! Si ndiyo hiyo sasa!"

"Wengi hawajakubali. Na hata wakikubali, 1924 haitoki pale."

Akakaa tena. Nje njuga zilikuwa zimefika mbali. "Khocha ameita watu, Suad. Atakaa mbele yao kama bwana harusi. Nisemeje?"

"Sema ile ulipanga. Malakisi nani atakagua?"

Neno hilo lilimchoma kuliko dhihaka zote. Kumbe ukweli wake ungesimama kwa sababu tu wanaomsikiliza ni watu wasiokagua? Na hao ndio watu wake.

Jumapili, studioni Bungoma, mtangazaji, Lorraine, alimsifu mpaka akaona haya. Kizito alianza na miaka minne iliyokubali, na sauti yake ikapanda yenyewe kama ilivyozoea. Kisha akasema, "Lakini 1924 inakataa. 1912 pia. Nilitaka iwe kweli, ndiyo maana sikuangalia mapema. Rika zetu hazikufuata jua." Akaeleza nyuzi za sumaku, na mahali ambapo wataalamu wenyewe bado wanabishana.

Simu ya kwanza ikaingia.

"Mimi Wabwile, Malakisi. Kizito, niko na watu hapa. Wanasema umetukana rika."

"Sijatukana, khocha."

"Kama wazee hawakufuata jua, walifuata nini?"

Jibu zuri lilimjia, la kupigiwa makofi. Akalimeza. "Sijui, khocha."

Nyuma ya Wabwile mtu alicheka, mwingine akamkemea.

"Na hao wa darubini, wanajua jua lenyewe linafuata nini?"

"Kidogo. Si yote."

"Umeniachia watu wamekasirika na pombe yangu ya busaa wamekunywa," Wabwile alisema. "Mimi sitakujibia. Kuja uwaambie wewe mwenyewe, wakuulize wakikuona macho."

Simu ikakatika. Lorraine akaweka wimbo haraka.

Kizito alipofika nje hakuelekea upande wa Kitale. Aliuliza magari ya Malakisi yanapakia wapi, huku akitafuta kichwani maneno ya kuanzia, na kila mwanzo uliomjia ulikuwa mrefu kuliko alichokijua.