Maneno ya Daktari Yeremia Hufika Siku ya Tisa

Jumatatu ya pili ya msimu wa pamba, mwaka 1994, Rozina alimvusha mumewe kutoka Sengerema kwenda Mwanza kwa kivuko cha asubuhi. Mumewe, Ngosha, alikuwa mpimaji wa mizani katika kituo cha kampuni mpya ya kununua pamba, na wiki mbili kabla ya hapo alikuwa amekanyaga msumari ghalani. Kidonda hakikuwa kinauma. Hilo ndilo lililomtia Rozina wasiwasi.

Walikwenda kwenye zahanati ya Daktari Yeremia. Ilikuwa miaka ya ruksa, na kila mwenye digrii na jenereta alikuwa akifungua zahanati. Hii ilikuwa na vigae vyeupe sakafuni, mapazia ya kijani, na picha kubwa ya daktari mwenyewe akiwa amesimama kwenye theluji.

Daktari alikitazama kidonda kwa muda wa mtu kufunga kifungo kimoja cha shati. Kisha akainamia karatasi na kuanza kuongea. Aliongea na kalamu yake. Rozina alisikia maneno marefu yaliyoishia na pathi na osisi, katikati yake "eeh" moja.

"Ndiyo, daktari," alisema Ngosha.

"Ndiyo, daktari," alisema Rozina, kwa sababu wote waliomtangulia walisema hivyo.

Nje, muuguzi Getruda aliwapa vidonge kwenye bahasha ya kaki. Rozina akamuuliza muuguzi kile alichokuwa amesema daktari.

"Maneno yake huchelewa, mama," alisema Getruda. "Mnatoka wapi?"

"Sengerema."

"Ilemela ni siku mbili. Magu ni nne. Sengerema ni tisa, kwa sababu ya kivuko."

"Na tukiyasubiri hapa hapa mjini?"

"Yanakwenda kwenye anwani iliyo kwenye kadi."

Rozina alishukuru. Jambo lenyewe lilikuwa linajulikana. Wafanyakazi wa kivuko walikuwa wamezoea kuyasikia maneno ya Daktari Yeremia yakijisemea kwenye benchi la nyuma, na mwezi wa tano mwalimu mmoja alikuwa ameujua ugonjwa wake wa siri pamoja na abiria arobaini. Hakuna aliyelalamika isipokuwa mwalimu.

Nyumbani Ngosha alimeza vidonge na kurudi kazini, kwa kuwa hakuna aliyemwambia asirudi. Siku ya tano kidole gumba cha mguu kiligeuka rangi. Rozina alitaka wavuke tena siku hiyohiyo.

"Tungoje maneno kwanza," alisema Ngosha. "Tusije tukafanya tofauti na alivyosema daktari."

Yalifika Jumatano ya wiki iliyofuata, Rozina akiwa kwenye cherehani yake sebuleni. Ilikuwa sauti ya daktari, imesimama karibu na mtungi wa maji, nayo iliongea Kisukuma safi cha Magu, taratibu, kama mtu anayeongea na mama yake. Ilisema Ngosha ana kisukari, na ndiyo maana hasikii maumivu. Ilisema asikanyagie mguu huo. Arudi Alhamisi kidonda kisafishwe. Akiona kidole kinakuwa cheusi, asingoje Alhamisi, aje siku hiyohiyo.

Alhamisi ilikuwa imepita siku sita. Vidole vitatu vilikuwa vyeusi.

"Kumbe Kisukuma anakijua," alisema Ngosha.

Mguu ulikatwa chini ya goti siku ya Ijumaa, katika hospitali nyingine. Kampuni ya pamba ikatafuta mpimaji mwenye miguu miwili. Rozina hakulia mbele ya watu. Alizichukua suruali za mumewe, zote tatu, akakata mguu mmoja wa kila suruali na kuupinda kwa cherehani, na mishono ile haikunyooka hata mmoja, ingawa alikuwa fundi wa miaka kumi na tisa.

Mwezi wa tisa alivuka peke yake. Getruda alimwamkia, "Shikamoo, mama," lakini Rozina alipita bila kuitikia, akaingia ndani bila kuitwa, akaketi.

"Daktari," alisema, "kwa nini hukutuambia siku ile ile, kwa maneno yale yale uliyotuletea nyumbani?"

Daktari aliongea na kalamu yake. Safari hii hakuongea sana. Rozina hakusema ndiyo. Alikaa akimtazama mpaka Getruda alipokuja kumshika mkono.

Kwa siku nane hakushona kitu. Siku ya tisa majirani walijaa sebuleni, maana kila mmoja alitaka kujua daktari atajitetea vipi. Odeta wa nyumba ya pili, mwenye uvimbe shingoni, aliketi mbele kabisa. Ngosha aliegemeza magongo yake ukutani na kuomba watu wanyamaze.

Maneno yalifika saa sita mchana, kwa Kisukuma kile kile kizuri.

"Getruda, mtoe huyu mama. Kuna watu wanangoja."

Watu walisubiri kama kuna mengine. Hayakuwapo.

"Lakini ameongea vizuri," alisema Odeta. "Kila neno limesikika." Akajishika shingo, akamgeukia Rozina na kumuuliza ni siku gani foleni ya pale huwa fupi.

Rozina alikuwa amekwisha kugeukia dirisha. Ngosha ndiye aliyejibu.

"Jumanne ni afadhali," alisema. "Jumatatu hujaa sana."